Nani yuko ndani ya ndege? Historia ya kiwanja cha Kindu

Juma lililopita tulizungumza juu ya vitambulisho. Leo nataka tuzungumze juu ya kiwanja cha ndege cha Kindu. Msizime redio. Najua wengi wenu hamjapanda ndege hata siku moja, na bei ya tiketi mnaisikia kama hadithi. Lakini ndege imewagusa ninyi kuliko wale wanaoipanda, na nitawaonyesha kwa nini.

Siku chache zilizopita mama mmoja aliyekimbia kwao na watoto wanne alinishika mkono sokoni. Akaniuliza: «Mwanangu, wewe umesoma sheria. Ndege ile ya asubuhi imeleta nini?» Nikamjibu kwamba sijui. Akasema: «Vijana wanasema imeleta askari wa kutushambulia. Mimi nimekwisha kufunga mizigo.» Nilikwenda kuuliza. Ndege ilikuwa imeleta dawa za chanjo na wafanyabiashara sita na mabalo yao ya nguo. Nikarudi kumtafuta yule mama, nikaambiwa ameondoka alfajiri na watoto wake, kwa miguu, njia ya porini. Sijamwona tena. Kwa ajili yake nimeandika mazungumzo haya.

Kwanza tukumbuke mahali tulipo. Kindu ni mji wa mto na wa reli. Wabelgiji waliuita Kindu-Port-Empain. Kutoka hapa mashua hushuka Lualaba hadi Ubundu, zaidi ya kilometa 300, na kule maporomoko yanazuia safari. Kutoka hapa pia reli hupanda kusini hadi Kongolo, Kabalo na Kamina, na mwisho wake ni Lubumbashi. Mto na reli vikifanya kazi, Kindu ni mlango. Vikisimama, Kindu ni kisiwa katikati ya msitu, kwa maana barabara zetu mnazijua: mvua ikinyesha, lori hulala matopeni juma zima. Ndiyo sababu katika mji huu ndege haijawa anasa ya matajiri. Mara nyingi imekuwa pumzi ya mwisho iliyobaki.

Wakati wa ukoloni kampuni ya Sabena ndiyo iliyounganisha miji ya koloni kwa ndege. Baada ya uhuru ikaja Air Congo, iliyoanzishwa mwaka 1961, ambayo mwaka 1971 ilibadilishwa jina ikawa Air Zaïre, ikazidi kudhoofika hadi kufa mwaka 1995. Wazee watakumbuka zaidi kuliko mimi. Sitakaa juu ya hayo, kwa sababu jina la Kindu halikujulikana ulimwenguni kwa tiketi za Sabena. Lilijulikana kwa damu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Novemba 1961. Angalieni hali ya inchi wakati ule. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa kule Katanga tarehe 17 Januari ya mwaka uleule, na hapa Maniema, jirani ya Sankuru alikozaliwa, watu wengi walikuwa wakimpenda kama mtoto wao. Tshombe alikuwa amelitenga jimbo la Katanga, akisaidiwa na mamluki Wazungu. Ndege ya Katanga, moja tu ya kivita, iliyoongozwa na mamluki, ilikuwa imewapiga askari wa Umoja wa Mataifa katika Septemba. Na mwaka uliotangulia, Julai 1960, maparakomando wa Kibelgiji walikuwa wameshuka katika miji yetu siku chache tu baada ya uhuru. Kwa hiyo mtu wa Kindu aliposikia mlio wa ndege, akamwona Mzungu mwenye mavazi ya kijeshi akishuka, hofu yake haikuwa ya kijinga. Ilikuwa na sababu. Nasema hivi makusudi, kwa maana wako wanaopenda kusimulia habari hii kana kwamba watu wetu walikuwa wanyama. Hapana. Walikuwa watu walioogopa.

Siku ile ndege mbili kubwa za mizigo aina ya C-119 zilitoka Léopoldville, zikatua Kindu. Zilikuwa na watu 13, wote Waitalia, wanajeshi wa anga wa Italia waliotumwa kuwatumikia Umoja wa Mataifa. Hawakuja kupigana na mtu. Walileta vifaa na chakula kwa kikosi kidogo cha kofia za buluu waliokuwa wakikaa hapa, askari kutoka Malaya, inchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Baada ya kutua walikwenda kula chakula cha mchana pamoja na maofisa wa kikosi kile.

Mjini Kindu kulikuwa na askari wengi wa jeshi la Kongo waliotoka upande wa Stanleyville, wakielekea kusini kupigana na Katanga. Neno likapita: maparakomando wa Tshombe wameshuka! Wabelgiji wamerudi! Sijui nani alilisema kwanza, na labda hakuna awezaye kujua. Neno la namna hii halina baba. Askari wakaizingira nyumba, wakawakamata wale Waitalia, wakawapiga, wakawaua wote 13. Hakuna aliyesimama akasema: tuwaulize ni akina nani. Majina yao, nguo zao, lugha yao, alama za Umoja wa Mataifa juu ya ndege zao, vyote vilikuwako pale vikisema ukweli, lakini uvumi ulikuwa umekwisha kusema kabla yavyo.

Sasa sikilizeni upande wa pili, ambao hausimuliwi sana. Habari ilipofika Ulaya, magazeti yaliandika kwamba miili ya wale watu imekatwakatwa na kutupwa mtoni. Wengine walizidisha mambo ya aibu ambayo sitayarudia hapa. Baada ya miezi michache miili ilipatikana. Ilikuwa imezikwa katika makaburi ya Tokolote. Kuna mtu, au watu, waliochimba udongo na kuwazika wageni wale badala ya kuwaacha wazi. Machi 1962 miili ikarudishwa Italia, katika mji wa Pisa ulio makao ya kikosi chao cha ndege, na hata leo kuna jengo la ukumbusho pale kwenye kiwanja cha ndege, lenye jina la mji wetu. Msafiri wa Pisa anasoma neno Kindu ukutani, na kwake neno lile ni la msiba.

Mnaona basi. Uvumi wa kwanza uliwaua watu 13 hapa. Uvumi wa pili uliwafanya watu wa Kindu kuwa wala-watu mbele ya dunia nzima. Vyote viwili vilianza kwa watu wasiouliza.

Mwaka 1964 nitaupita haraka, ingawa wengine kati yenu walipoteza baba na babu. Julai ya mwaka ule Wasimba waliteka Kindu, na watumishi wa serikali na watu waliosoma waliuawa wengi. Mwanzoni mwa Novemba jeshi la serikali na mamluki waliurudisha mji, wakitanguliwa na ndege za vita zilizoongozwa na marubani Wacuba waliokuwa wamekimbia utawala wa Castro. Mtu wa Kindu alijifunza tena kutazama juu kwa hofu. Mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997, kule Lubutu katika jimbo letu hili la Maniema, kipande cha barabara cha Tingi-Tingi kiligeuzwa kiwanja, ndege za misaada zikatua kati ya makumi ya maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda. Watu wa huko wanaweza kusimulia wenyewe waliyoyaona kambi ilipovunjika.

Nafika sasa mwaka 1998. Hapa sauti yangu itabadilika kidogo, mnisamehe, kwa sababu nilikuwa mtoto wa miaka saba na mlio ule niliusikia.

Vita vya pili vilianza tarehe 2 Agosti 1998. Waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda walichukua Goma na Bukavu, wakaelekea magharibi. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilifanya Kindu kuwa makao yake makubwa ya vita vya mashariki, na kiwanja chetu kikajaa ndege za kuleta askari na silaha. Raia nao walitaka kutoka. Hapo ndipo shida ilipo: kiwanja ni kimoja, njia ya kurukia ni moja, na mwenye kusimama mbali msituni haoni tofauti kati ya ndege iliyobeba bunduki na ndege iliyobeba watoto.

Tarehe 10 Oktoba 1998 ndege aina ya Boeing 727 ya kampuni ya Congo Airlines iliruka kutoka Kindu kuelekea Kinshasa. Dakika chache baada ya kuruka ilipigwa kwa kombora. Ikaanguka msituni. Watu 41 walikufa, wasafiri 38 na wafanyakazi watatu wa ndege. Kampuni ilisema wasafiri walikuwa raia, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wakikimbia mapigano. Waasi walikiri kuipiga, wakasema ilikuwa imebeba askari. Siku mbili baadaye mji uliangukia mikononi mwao.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu katika masomo ya sheria, nilisoma jambo ambalo lilinifanya nifunge kitabu na kutoka nje. Mwaka 1983 ndege ya wasafiri ya Korea ya Kusini ilipigwa na ndege ya kivita ya Urusi ya Kisovieti, watu 269 wakafa. Mataifa yakakutana Montreal mwaka uliofuata, yakaongeza kipengele katika Mkataba wa Chicago unaosimamia safari za ndege: kila serikali ijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege ya raia iliyo hewani. Ilihitajika idadi kubwa ya inchi kukiridhia, na hilo lilichukua miaka 14. Kipengele kile kilianza kuwa sheria tarehe 1 Oktoba 1998. Siku tisa tu kabla ya ndege yetu.

Najua, wengine watasema: sheria ile inazifunga serikali, na waliopiga walikuwa waasi. Ni kweli, mwanasheria yeyote atawaambia hivyo. Lakini Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 ina kipengele cha tatu kinachowafunga wote wenye silaha katika vita vya ndani, awe askari wa serikali, awe mwasi, awe Mayi-Mayi: asiyepigana asiguswe. Na katika nyongeza ya mwaka 1977 kuna neno ambalo ningependa kila shefu alijue kwa moyo: ukiwa na shaka kama mtu ni raia au ni mpiganaji, umhesabu kuwa raia. Neno hilo liliandikwa kwanza kwa ajili ya vita kati ya mataifa, lakini busara yake haijui mpaka. Yule aliyeshika kombora msituni alikuwa na shaka. Askari waliozingira nyumba mwaka 1961 walikuwa na shaka. Wote waliitatua shaka kwa kuua.

Nisiwe mtu wa kuhukumu upande mmoja. Sheria ina mkono wa pili. Anayepakia askari na risasi katika ndege ya wasafiri, au anayewaketisha wanawake juu ya masanduku ya silaha, yeye pia anaiuza roho ya raia. Katika inchi yetu jambo hilo limefanywa mara nyingi, na pande zote zimelifanya. Sisi wenyewe tumelizoea. Mama muuzaji anatafuta nafasi katika ndege ya mizigo, anapewa kiti kati ya askari, anashukuru kwa sababu nauli ni nafuu. Simlaumu. Lakini asikose kujua ameketi mahali gani.

Baada ya Oktoba ile mji wetu ukawa kisiwa kweli. Treni ya kutoka kusini ilikoma. Mashua zilikoma. Mjini walikaa RCD na Wanyarwanda, porini walikaa Mayi-Mayi, na kati yao kulikuwa na mashamba yetu. Mwanamke aliyekwenda kuchuma sombe alishukiwa na hawa kuwa mpelelezi wa wale, na aliporudi alishukiwa na wale kuwa mpelelezi wa hawa. Yaliyowapata wengi wao njiani mnayajua, na wako wanaotusikiliza sasa ambao hawajayasema kwa mtu hadi leo. Maniema ni inchi ya mpunga, na sisi watoto wa Kindu tulilala njaa.

Kila kitu cha dukani kilikuja kwa ndege kutoka Goma: chumvi, sabuni, dawa, chupa za petroli, hata vipande vya kinga. Mama yangu aliuza chumvi kwa kijiko. Alikuwa na kijiko kimoja cha chai, akikisawazisha juu kwa kidole ili asimpunje mtu, na kile kilichodondoka mezani alikikusanya kwa ajili yetu. Sisi watoto tulijua kutofautisha ndege kwa mlio. Antonov ikija tulipiga makofi, kwa sababu ilikuwa na maana kwamba kesho chumvi itashuka bei. Majirani waliposikia mlio uleule walifunga milango. Ndege moja, mlio mmoja, nyumba mbili zilizoachana kwa ua wa miti: hapa furaha, pale hofu. Na wote wawili walikuwa na haki, kwa maana ndege ileile iliyoleta chumvi iliweza kuleta pia risasi.

Amani ilipoanza kurudi, ilirudi polepole. Kofia za buluu za MONUC walifika, na kati yao walikuwako Waruguay na mashua zao za kulinda mto. Mwaka 2003 serikali ya pamoja iliundwa Kinshasa. Mwaka 2004 treni ya kwanza baada ya miaka mingi ilifika tena Kindu kutoka Lubumbashi, na watu wazima walilia kituoni kwa kusikia honi. Chumvi ikaanza kuuzwa kwa kopo. Kama mnataka kujua amani inapimwa kwa nini, mimi naipima kwa kopo lile.

Juu ya ndege zenyewe, tusidanganyane. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliziandika karibu kampuni zote za ndege za Kongo katika orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka kwao, kwa sababu serikali yetu haikuonekana kuzisimamia vizuri. Congo Airways ya serikali ilianza safari zake mwaka 2015, na Kindu ilikuwa kati ya miji iliyofikiwa. Tulifurahi. Halafu tukajifunza kusubiri.

Mwaka 2025 tukaona mambo ya 1998 yakirudi kwa majirani zetu. Mwishoni mwa Januari mapigano yalifika kwenye kiwanja cha Goma na M23 wakauteka mji. Tarehe 14 Februari wakakichukua kiwanja cha Kavumu, mlango wa hewa wa Bukavu. Wengi wenu mlipita njia zile, mnaweza kutufundisha sisi. Kiwanja kinapofungwa, hospitali ndiyo ya kwanza kulia.

Kwa hiyo ninawaendea ninyi wakubwa wa mitaa, mashefu, wachungaji, mashehe na mapadri. Siombi muwe wapelelezi. Naomba jambo dogo. Ndege ikitua na neno likaanza kutembea, msikae nyumbani. Chagueni watu wawili, na mmoja wao awe mwanamke, tena mmoja awe kati ya wale waliohama, waende kwa mkubwa wa kiwanja waulize kwa heshima: ndege hii ni ya nani, imeleta nini. Mzigo wa misaada una karatasi zake, na mashirika yanayouleta hayana sababu ya kuwaficha. Mkijibiwa, rudini mkaseme mlichoambiwa mbele ya watu wote, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni wenu, kabla jua halijazama. Msipojibiwa, semeni wazi kwamba hamkujibiwa. Msijaze nafasi ile tupu kwa maneno yenu.

Kutakuwa na siku ambapo jibu litakuwa baya. Kutakuwa na ndege iliyobeba askari kweli. Hata siku hiyo, yule anayekimbia kwa sababu amejua anachagua njia na kubeba maji. Yule anayekimbia kwa sababu ya kelele huwapoteza watoto gizani.

Na wewe, mama uliyenishika mkono sokoni, kama redio hii inakufikia huko uliko: ilikuwa chanjo ya surua. Imebaki. Wauguzi wamesema watoto wako wanne bado wanaweza kuipata, waletwe siku yoyote ya kazi asubuhi, hata bila karatasi.